Barua kwa mwanangu: kuhusu hilo gari la mjomba wako

Mwanangu,

Ugonile. Huku Mbeya hatujambo, isipokuwa mjomba wako na figo zake, na baridi ya Juni imeshaanza. Mwanjelwa watu wanafungua maduka jua likiwa limepanda. Nimeona ulichoandika kwenye kundi la ukoo, kwamba watu wazima na mvi zao wanachezea gari bovu la mjomba wako wakati yeye ni mgonjwa anayehitaji hela ya matibabu. Sikukujibu palepale kwa sababu wifi yangu, mke wa mjomba wako, yumo mle, na maneno yangefika Kyela kabla ya jioni. Nakujibu hapa, tena kwa kirefu, maana swali lako si baya. Limeulizwa tu na mtu aliye mbali.

Kwanza hela. Hela ya matibabu haijaguswa. Kusafisha damu kunalipwa na bima, na ule mchango wa ukoo uko kwenye simu ya wifi, unakwenda kwenye nauli na dawa ambazo dirishani hazipo. Gari lina daftari lake, ninalo mimi dukani kwangu kwa spea, na walioandikwa humo hakuna aliyepunguza alichotoa kule. Ukitaka kurasa nitakupigia picha.

La pili, kwa nini tunalitengeneza gari, ndilo refu.

Mjomba wako anakwenda hospitali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila mara anakaa saa nne kwenye mashine. Akirudi ni wa kulala. Kesho yake anaamka mtu. Mkono wake wa kushoto wamemuunganishia mishipa miwili ili sindano za mashine zipate pa kuingilia, ukiweka kidole unausikia unatetema ndani kwa ndani. Mkono huo haubebi mzigo, haupimwi presha, na hatakiwi kuulalia. Mtu aliyeshika nyundo na spana ujana wake wote kwenye karakana ya reli ya TAZARA sasa anaambiwa asinyanyue hata jeki. Na chakula je? Mnyakyusa ameambiwa apunguze ndizi, apunguze viazi, na parachichi aziangalie tu mtini, kwa sababu vyote vina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Ikizidi mwilini inaweza kusimamisha moyo. Viazi vyenyewe wifi anavikatakata, anavichemsha, anamwaga maji, ndiyo anavipika upya. Maji ya kunywa anapimiwa. Hata kiu yake sasa ina ratiba.

Lakini kilichokuwa kinammaliza zaidi, kwa macho yangu mimi dada yake, ni wageni. Walikuwa wanakuja, wanakaa sebuleni, wanaongea kwa sauti ya msibani, wanamkubalia kila anachosema. Akisema mvua haitanyesha, wanasema kweli mzee. Mjomba wako unamjua. Ni mtu wa kubishana. Kumkubalia kila kitu ni kumzika.

Basi lile Peugeot 404 lake unalijua, lile lililokaa juu ya matofali chini ya mparachichi tangu hujaanza shule, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Na hadithi yake unaijua, maana kila Krismasi aliirudia: kwamba ni gari la aina ileile aliyoshinda nayo Bert Shankland wa Dar es Salaam mashindano ya Safari Rally mwaka 1966, na mwaka 1967 akashinda tena. Alivyoanza mambo ya mashine akaamua kuliuza kama chuma chakavu. Mnunuzi alikuja na mkokoteni na mizani. Ikatokea siku hiyo rafiki yake, yule fundi bodi wa Soweto, yupo kumtazama. Akamwambia yule kijana wa mizani arudi alikotoka, kisha akamgeukia mjomba wako: "Wewe ukifa tutachanga rambirambi, tutapika, tutakodi maturubai. Hela hiyo mimi naitoa sasa hivi, ukiwa unaiona. Lile gari lako la kwenye picha tunalitengeneza."

Wifi alikasirika, na hata mimi niliona maneno makali. Mjomba wako akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia nyumba ile kwa muda mrefu.

Gari la kwenye picha ni lile la Kimarekani analoliota tangu kijana, hotirodi. Usidhani ni gari la matajiri. Miaka ya 1930 kule kusini mwa California vijana wasio na hela walikuwa wananunua Ford kuukuu, wanavua fenda, bampa na kila kinachoongeza uzito, wanachokonoa injini, halafu wanakwenda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka jangwani, kama Muroc. Mwaka 1932 Ford ilitoa injini ya silinda nane kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuifikia, na gari la mwaka huo likawa ndilo linalotafutwa hadi leo. Baada ya vita, mwaka 1945, askari wakarudi nyumbani wengine wakiwa na ufundi wa jeshini, na mchezo ukasambaa nchi nzima. Na magari hayo yalijengwa nyuma ya nyumba, jioni na mwisho wa wiki, huyu akileta mashine ya kuchomelea, yule akileta mikono tu. Kwa hiyo hata hao wenyewe hawakuwahi kulifanya jambo hili peke yao.

Sasa njoo kwenye ubishi, maana hapo ndipo dawa ilipo. Mjomba wako alitaka paa likatwe, lishushwe, vioo vibaki vyembamba kama macho yaliyofumbwa nusu, kama vya gari la kwenye picha. Fundi bodi akakataa katakata. 404 ya saluni haina chesesi, yaani fremu ya chini ya kubeba bodi, bodi yenyewe ndiyo chesesi. Ukicheza na nguzo za paa umecheza na uti wa mgongo. Mjomba wako akamwambia tutatia vyuma ndani ya nguzo. Wakabishana Jumamosi nzima, mpaka wifi akatoka nje kuangalia kama watu wanapigana. Aliyemaliza ugomvi ni fundi vioo. Alisema kioo cha mbele cha gari lile ni cha kukaangwa kwa joto, hakikatiki, ukikigusa na almasi kinamwagika chembechembe, na cha kuchonga upya chenye mviringo ule Mbeya nzima hakipo. Paa likasalimika. Wakashusha springi badala yake.

Injini ya zamani ilikuwa imekwama, haizunguki, haikuwa na maana ya kuifufua, na hapa ndipo duka langu lilipoingia. Nilimwambia kaka, usiniletee habari za silinda nane, petroli ya kulinywesha atakupa nani? Chukua 22R, injini ya Toyota Hilux. Ni lita 2.4, ni ya kabureta, haina kompyuta, na spea zake hata usiku wa manane nitakupatia. Akanuna siku mbili, akakubali. Kumbe tatizo halikuwa injini. Kwenye 404 propela, ule mti unaopeleka nguvu nyuma, inapita ndani ya bomba lililoungana na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, na difu lenyewe linazungushwa na gia ya aina ya skrubu, kwa hiyo huwezi kuunga giaboksi ya Toyota kwa bolti ukaondoka. Ilibidi nyuma yote itoke. Jirani yangu wa duka, Mkinga yule ambaye unasema hata salamu anaandika deni, alileta difu la Hilux begani mwa kijana wake na hakusema bei. Nimeuliza mara nyingi. Anajibu tu, "Mama, wewe uza." Nimemwandika kwenye daftari, upande wa bei nimeacha wazi.

Injini ya Peugeot ilikuwa imelazwa ubavu, nyuzi 45, ndiyo maana boneti lake limelala chini. Hii ya Toyota inasimama wima. Walipoishusha kwa winchi boneti likagoma kufunga, kabureta na kichujio cha hewa vikabaki vimechungulia. Wote wakanyamaza wakimtazama mgonjwa. Yeye akaomba chaki, akachora mduara juu ya boneti, akasema, "Kateni hapa. Na hata Marekani ndivyo wanavyofanya." Nadhani alikuwa anaomba itokee hivyo tangu mwanzo.

Fenda nazo zilileta siasa. Yeye anataka magurudumu wazi. Dereva wa lori wa njia ya Tunduma, rafiki yake wa tangu utoto, alimuuliza kama amewahi kuona ziwa lililokauka hapa Mbeya. Huku mvua ikianza Novemba inatuacha Mei, tope litakuja mpaka mdomoni, na trafiki atakuwa anamsubiri kila kona. Mwisho wamekata bati la pipa la oili, wakalikunja vijifenda vyembamba vinavyofuata tairi. Vimependeza kuliko nilivyotegemea. Dereva huyohuyo ndiye aliyesimamia breki: mbele kulikuwa na breki za ngoma, akasema mteremko wa Iwambi haumjui mgonjwa wala mzima, akaleta breki za disko na kalipa zake. Sikuuliza zimetoka wapi.

Kabureta bado haijakaa sawa. Mjomba wako anasema tatizo ni mwinuko. Hapa tuko kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yanazidi hewa na plagi zinatoka nyeusi kama mkaa. Inatakiwa jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, iliyo ndogo zaidi. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, ndiyo maana gari lililotoka Dar linakimbia likifika Uyole linaonekana limechoka. Hili alinieleza mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha plastiki na blanketi magotini, mkono wa kushoto kauweka juu ya mto, wa kulia ukiandika kwenye daftari la mraba. Hashiki nyundo, lakini hakuna bolti inayofungwa bila yeye kusema. Vijana wa gereji wanamwogopa. Juzi alimfukuza mmoja kwa kuchomelea bila kusafisha kutu, halafu akamtumia mtu amrudishe.

Si wote waliobaki. Wapo waliokuja kupiga picha na injini siku ya kwanza na hatujawaona tena, na wapo walioahidi hela ambazo mpaka leo ni ahadi. Majina yao siandiki kwenye barua. Na wifi bado hajalipenda gari. Lakini ameweka sheria zake na wote wanazitii: siku ya mashine hakuna kelele, saa kumi na mbili jioni kila mtu kwao, na siku ya kupiga rangi mjomba wako anahamishiwa kwangu ili asivute ule moshi. Rangi itakuwa damu ya mzee. Yeye ndiye aliyeichagua, wifi, baada ya kusema hahusiki.

Na hali yake? Hilo ndilo ulitaka kujua. Figo hazijarudi, wala gari haliwezi kuzirudisha, na asikudanganye mtu. Ijumaa iliyopita presha ilishuka akiwa kwenye mashine wakamlaza chini kwanza. Lakini manesi wameniambia siku hizi hakosi zamu, wakati mwezi wa pili ilikuwa ni kumbembeleza kila asubuhi. Anataka Jumamosi imkute ana nguvu.

Sasa kazi yako. Hapa tuna mafundi wa kila kitu, lakini umeme wa gari lile ni buibui tupu, nyaya za zamani zimeliwa na panya, na fundi umeme tuliyekuwa naye amepata kazi Chunya mgodini. Wewe umekaa chuoni kusomea hayo. Nimemwambia mjomba wako unakuja likizo, na sikukuuliza kwanza, ndivyo ilivyo. Kabla hujapanda basi pita Gerezani ununue nyaya za gari za unene tofauti, fyuzi boksi yenye kifuniko, rilei nne na swichi ya taa ya kuvuta. Mpira wa kioo cha mbele cha 404 ukiuona popote, hata uliochakaa kidogo, usiuache, huku tumeukosa kabisa. Chukua risiti, nitarudisha hela yako kutoka kwenye daftari. Stakabadhi za injini ninazo. Namba yake si ile ya kwenye kadi, kwa hiyo kabla ya gari kuingia barabarani kuna ukaguzi wa trafiki na safari ya TRA, hiyo utanisaidia kupanga foleni.

Panda basi la alfajiri, usipande la usiku. Lete na sweta. Ukifika usianze kumuuliza mjomba wako anajisikiaje, amechoka na swali hilo. Muulize fyuzi boksi inakaa wapi. Yeye anataka chini ya dashibodi upande wa kushoto, na fundi bodi ameshachomelea chuma chake hapohapo, na mpaka naandika hivi bado hawasalimiani.

Mama yako,
Mwanjelwa