Barua ya wazi: Sahihi za vikaoni si ushirikiano

Kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia huduma za jamii, Kisumu

Mheshimiwa,

Mafuriko yalipoingia kwetu Nyalenda, mashirika matatu yalifika siku moja, yote na blanketi. Dawa ya kutibu maji hakuna aliyeleta. Na wote hao tulikuwa tumetia sahihi karatasi moja hotelini, tukala samaki, mfadhili akaandika kwamba tunashirikiana.

Juzi tulijaribu kipimo kingine. Tulikutana vikundi 20 katika ukumbi wa kanisa, tukabandika manila ukutani. Kila kikundi kiliulizwa kando: mwezi uliopita mlimpeleka mtu mwenye shida kwa nani? Kila jibu likachorewa mshale. Vikundi 20 vinatoa jozi 190, kwa hiyo nafasi ilikuwepo tele. Mishale ilikuwa haba, na hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni shirika moja kubwa lililotaja karibu kila mtu ukumbini, lenyewe lisitajwe na yeyote.

Tena mishale mingi kati ya Dunga na Manyatta ilipitia kwa wahudumu watano wa afya ya jamii. Hawana ofisi, simu ya kikundi ni mulika mwizi, na hotelini hawajawahi kualikwa. Mwaka wa 1977 mtaalamu Linton Freeman alieleza jinsi ya kukokotoa nafasi kama yao: kati ya njia fupi kabisa zinazounganisha wengine wawili wawili, ngapi zinapitia kwako? Wale watano wakichoka, Dunga na Manyatta zitabaki kusikia habari za wenzao redioni.

Ombi langu ni kaunti ichore ramani kama hii kabla ya bajeti, na mwakani irudie kwa maswali yaleyale. Wasiofika wafuatwe waliko, maana aliyekosa kuulizwa huonekana kwenye ramani kama mpweke hata kama ana marafiki tele. Msifurahie wingi wa mishale pekee. Wengine wanayo mingi kwa sababu wanashinda vikaoni. Na tafadhali, ramani isiwe ya kugawia pesa. Watu wakijua mshale ni hela, kila mtu atamtaja kila mtu, hata marehemu.

Manila bado iko ukutani. Jumamosi kuna harusi, itabanduliwa. Ukipata nafasi kabla ya hapo, karibu.

Wako mtiifu,
Mratibu wa kikundi cha akina mama, Nyalenda