Bei ya lori siyo bajeti ya kuhama

Mhariri,

Wengi wanaohamia mji wa mbali huuliza bei ya lori tu, kisha hukwama. Bei hiyo mara nyingi haihusishi wapakiaji, turubai wala siku ya kusubiri funguo za nyumba mpya. Andikishaneni mapema nani analipa kushusha mzigo, na nani anafidia ukiloa.

Pimeni vyombo kwa mita za ujazo: urefu mara upana mara kimo. Mzigo wa nyumbani hujaza nafasi kabla ya uzito. Vitabu vikae katika maboksi madogo, kwani makubwa hupasuka chini. Friji isafirishwe wima. Ikilazwa, iachwe imesimama saa 24 kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kulainisha yarudi kwenye kompresa, yaani pampu ya friji. Fedha ya dharura, angalau asilimia 15 ya bajeti ya kuhama, isichanganywe na kodi ya nyumba mpya.

Msomaji wako