Ofisi ya ushauri nasaha chuoni ifikike

Mhariri,

Kila ifikapo Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, vyuo vikuu hutundika mabango ya kuwahimiza wanafunzi wasinyamaze. Ni jambo jema, kwani matatizo mengi ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 25. Ila wanaoitikia wito huo wengi hukwama mlangoni, na sehemu kubwa ya vikwazo hivyo huondoka bila bajeti mpya.

Ofisi ya ushauri nasaha ikipakana na ile inayosikiliza kesi za nidhamu, wanafunzi wataikwepa. Ihamishiwe kwenye zahanati ya chuo, ambako anayeingia huenda anaumwa jino tu. Ifunguliwe pia jioni, angalau siku mbili kwa wiki, kwa kuwa mchana kuna vipindi. Na kila siku zibaki nafasi mbili zisizo na miadi, ili anayekuja aonwe siku hiyohiyo hata kwa dakika 20. Ukimwambia arudi baada ya wiki tatu, usishangae asipoonekana tena.

Kipimo kinachotajwa sana katika fani hii ni mshauri mmoja kwa wanafunzi 1,000 hadi 1,500. Chuo chenye wanafunzi 12,000 kinahitaji basi washauri 8 hadi 12. Pasipo idadi hiyo, hofu ya mitihani na kukosa usingizi vishughulikiwe kwa vikundi vya watu 8 au 10, na muda wa ana kwa ana waachiwe wenye hali nzito.

Hojaji ya PHQ-9 inatumiwa sana kupima dalili za sonona (huzuni nzito inayodumu), na mara nyingi inasomwa vibaya. Ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita na alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 mtu anahitaji uchunguzi zaidi. Hojaji peke yake haithibitishi ugonjwa. Kosa la hatari ni kutazama jumla tu. Mwanafunzi mwenye alama 7 anaweza kuwa amekubali swali la tisa, linalogusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Huyo aulizwe waziwazi kabla hajaondoka kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupata ahueni kwa kuulizwa. Kisha aandike pamoja na mshauri mpango wa usalama: dalili zinazoashiria kuwa hali yake inazidi kuwa mbaya, anachoweza kufanya mwenyewe, watu wa kuwapigia, namba ya dharura, na nani atakayeondoa vitu vya hatari chumbani. Aondoke na nakala, na apigiwe simu kesho yake.

Wahadhiri ndio huona mapema: mahudhurio yanakatika, kazi haziletwi, aliyekuwa mchangamfu anakaa nyuma kimya. Hatuwaombi wawe washauri. Wamwite faragha, wamsikilize bila kumhubiria, na akiridhia waipigie ofisi simu akiwa bado hapo. Kumwambia tu "nenda kule" mara nyingi hakumfikishi.

Kuhusu siri, jalada la ushauri lisichanganywe kamwe na la masomo. Mipaka ya siri hiyo, kama vile maisha kuwa hatarini, ielezwe mwanzoni mwa mazungumzo, siyo baada ya mtu kufunguka. Fomu ya kuahirisha masomo itosheke na maneno "sababu za kiafya"; jina la ugonjwa haliihusu idara.

Wanaosahaulika zaidi ni wanaorudi kutoka hospitali walikolazwa kwa matatizo ya akili. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa zina hatari kubwa ya kujiua, nao hurudi kukuta mitihani ya kufidia imerundikana. Miadi ya mshauri ipangwe kabla hawajatoka wodini, isizidi siku 7, na ratiba ya kufidia masomo ikubaliwe na idara kabla hawajaingia darasani.

Washauri nasaha wa vyuo vikuu