Ramani ya mafuriko ya Mto Tana ifike vijijini

Mhariri,

Bwawa la Masinga, lililo sehemu ya juu ya Mto Tana nchini Kenya, likijaa hadi kumwaga, watu wa Tana chini huambiwa wahamie sehemu zilizoinuka. Zipi hizo? Kutoka Garissa kushuka Hola hadi Garsen nchi ni tambarare. Tofauti ya mita moja tu huamua nyumba ipi izame na ipi ipone, na kwa macho huioni. Tunataka ramani inayoonyesha, kijiji kwa kijiji, maji yalifika wapi mwaka 1961, 1997 na 2024. Setilaiti za rada huona hata kukiwa na mawingu, kwa hiyo mvua isiwe kisingizio. Lakini picha hazitoshi. Mto huu huhama, na wazee wa Kipokomo wanaijua mikondo ya kale ambayo maji huirudia. Waulizwe, tena kabla ya wataalamu kuchora mistari yao.

Mafuriko yenyewe hatuyakatai, maana ndiyo yanayonywesha mpunga. Ila kina cha mto pale Garissa kitangazwe redioni kila siku msimu wa mvua. Maji huchukua siku kadhaa kufika deltani, na mwenye ng'ombe anazihitaji zote.

Msomaji,
Garsen