Sanamu ya kauri isiyong'aa isilowekwe kwenye jiki

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nisahihishe ushauri uliotolewa kwenye ukurasa wenu wa mambo ya nyumbani, kwamba sanamu za kale za kauri kutoka Ulaya zilowekwe usiku kucha kwenye maji ya jiki ili weupe wake urudi. Tafadhali, mwenye sanamu ya namna hiyo asithubutu.

Kauri ya sahani na vikombe imefunikwa utando mwembamba wa kioo, ndiyo maana inang'aa na uchafu hauingii. Lakini sanamu nyingi za mwishoni mwa karne ya 18, zilizoiga marumaru ya Wagiriki na Warumi, ziliachwa bila utando huo. Mafundi huiita kauri hiyo biskuti. Ilianzia kiwanda cha Vincennes, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1750, kabla kiwanda hakijahamia Sèvres mwaka 1756. Ukiigusa utaona imekauka na ina ukwaru mdogo, kama ganda la yai.

Tazama sanamu ya kundi la mabinti wawili wa kifalme, Luise na dada yake Friederike, lililobuniwa na mchongaji Johann Gottfried Schadow na kutolewa kwa biskuti na kiwanda cha kifalme cha Berlin mwaka 1796. Wamesimama wameegemeana, mkono wa mmoja begani kwa mwenzake. Luise ana kitambaa kilichopita chini ya kidevu, na gauni limeshuka kwa mikunjo myembamba hadi miguuni. Utando wa kioo ukiyeyuka tanurini hutuama ndani ya mikunjo kama hiyo na kuifukia. Fundi akiuacha, kila mkunjo unabaki, ila na kila kasoro inabaki wazi. Kwenye kiwanda cha Derby, Uingereza, sanamu za biskuti ziliuzwa ghali kuliko zilizopakwa rangi, kwa sababu zilizokuwa na ufa au doa hazikuwa na pa kulificha.

Kundi kama hilo halitoki kwenye kalibu moja. Mfano hukatwa vipande, kila kipande na kalibu yake ya plasta, kisha kichwa, mikono na viwiliwili huunganishwa kwa uji wa udongo uleule. Kipande kimoja kikiwa kimekauka kuliko kingine, kiungo hupasuka. Tanurini, kwenye joto la kama nyuzi 1,400, kauri ngumu husinyaa kwa takriban sehemu moja ya sita: sentimeta 60 zinakuwa 50. Kwa hiyo mkono ulionyooshwa huegemezwa kwa nguzo za udongo huohuo, zisinyae pamoja. Nguzo ya udongo mwingine ingeuinua mkono na kuuvunja. Udhaifu wa sanamu basi uko kwenye viungo: shingo, kiwiko, kifundo cha mkono, vidole.

Hapo ndipo jiki inapoharibu. Maji huingia kwenye nyufa ndogo na viungo vilivyokarabatiwa zamani. Gundi ya kale ya ngozi za wanyama hulainika, na kipini cha chuma kilichofichwa ndani hushika kutu na kuacha doa la kahawia. Chumvi ya jiki hubaki ndani, na maji yakikauka hugeuka chembechembe zinazoweza kusukuma uso wa kauri hadi uanze kubanduka. Kwenye hewa ya pwani, kutu hiyo haikawii.

Safisha hivi. Weka taulo mezani, pangusa vumbi kwa brashi laini ya nywele, kuanzia juu kwenda chini; usitumie kitambaa, hunasa kwenye vidole vya sanamu. Likibaki doa, chukua kijiti cha pamba, kichovye kwenye maji safi yaliyochujwa chumvi, ya namna ya betri yasiyo na asidi, kikamue, ukijaribu kwanza mgongoni chini. Kibingirishe, usisugue, na ukitupe kikichafuka. Ukiona sehemu ina rangi ya manjano kidogo, acha: huenda ni gundi ya kisasa ya fundi aliyetangulia, ambayo mwanga huigeuza rangi. Tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) itaionyesha ikiwaka tofauti na kauri.

Unapoibeba, shika kitako kwa mikono miwili, kamwe si bega wala kichwa. Na wanaotumiwa sanamu hizi na jamaa walio Ulaya wawaambie wasizifunge kwa karatasi za gazeti. Wino hushika kwenye biskuti na kuutoa ni kazi ngumu sana. Karatasi nyeupe laini ijazwe kwanza katikati ya mikono na viwiliwili, bila kukandamiza, kisha boksi liwekwe ndani ya boksi lingine, na katikati yake pawe na nafasi ya upana wa vidole vinne iliyojazwa kitu laini.

Mkarabati wa kauri,
Berlin