Taarifa ya Mwaka ya Shirika: Kazi na Fedha Zisomeke Pamoja

Wateja wetu wengi ni mashirika madogo yasiyo ya kiserikali, na kila Januari hutuuliza nini hasa kinatakiwa kuwamo katika taarifa ya mwaka. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, inayotumika Tanzania Bara, inalitaka kila shirika liandae taarifa ya shughuli zake kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa.

Kurasa za mwanzo hazina ugumu: neno la mwenyekiti wa bodi, malengo ya shirika, majina ya viongozi na mikoa linakofanyia kazi.

Uzito uko kwenye maelezo ya shughuli. Kuandika kwamba "semina zilifanyika kwa mafanikio" hakumsaidii msomaji, kwa sababu anataka kujua mliahidi nini katika mpango kazi, mmetekeleza kiasi gani, wamenufaika akina nani na kilichobaki kimekwamishwa na nini. Kama mlipanga kuchimba visima 4 mkachimba 3, semeni hivyo, kisha mwonesheni fedha za kisima cha nne ziliko. Fedha hizo zinapaswa kuonekana pia kwenye hesabu, kama ruzuku ambayo haijatumika. Hapa ndipo taarifa nyingi huharibika: afisa mradi huandika yake, mhasibu huandika yake, na takwimu zikikinzana mfadhili hupoteza imani hata pale ambapo hakuna shilingi iliyopotea.

Hesabu zenyewe huonesha mali na madeni, mapato na matumizi, na mtiririko wa fedha, zikiambatana na maelezo ya ufafanuzi na takwimu za mwaka uliotangulia kwa ajili ya ulinganisho. Kuziandaa ni wajibu wa uongozi wa shirika. Mkaguzi aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) huzipima na kutoa maoni yake. Kwa sababu hiyo, shirika tunaloliandalia hesabu hatulikagui, na tunasisitiza jambo hili kwa kila mteja, kwani maoni ya mtu anayejikagua mwenyewe hayana thamani kwa yeyote.

Mteja anayehitaji huduma hii atuletee mpango kazi na bajeti iliyoidhinishwa, taarifa za benki za miezi yote 12, stakabadhi na hati za malipo, mikataba ya wafadhili na mihtasari ya vikao vya bodi. Tungependa afisa mradi na mhasibu waje pamoja.