Kwa dada wa kwenye basi la Morogoro

Dada uliyekaa kiti cha dirishani, jina lako sikukuuliza, na mpaka leo najilaumu.

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Jicho la kushoto lilianza makengeza, na usiku kwenye taa lilimeta kama la paka. Zahanati moja ilitupa dawa ya matone mara mbili. Majirani wakasema ni husuda.

Wewe uliniona nikipitia picha zake kwenye simu, ukaomba kutazama moja iliyopigwa kwa flashi. Ukanionyesha: mboni ya kulia nyekundu, ya kushoto nyeupe. Hukunitisha. Uliandika "retinoblastoma" nyuma ya tiketi, ukanieleza kuwa ni saratani ya macho ya watoto wadogo na inatibika ikiwahiwa. Tuliposhuka Dar ulitupeleka mwenyewe hadi Muhimbili, ukakaa nasi foleni mpaka saa nane mchana, ukamnunulia mtoto maziwa.

Alipimwa macho yote mawili kwa nusukaputi. La kushoto lilikuwa limejaa uvimbe, likatolewa kabla saratani haijashika mshipa wa fahamu. La kulia ni zima. Sasa ana jicho la bandia, na amejifunza kulitoa ili awatishe binamu zake!

Mdogo wake naye amepimwa, kama ulivyosisitiza. Wazazi wenzangu, tazameni picha za watoto wenu. Mboni ikionekana nyeupe, nendeni hospitali wiki hiyohiyo.

Dada, ile tiketi bado ninayo.